Uchambuzi wa kisa: Pampu ya bwawa iliyosoma sifuri ikiwa na umeme

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya pwani ya Dar es Salaam. Majina, mtaa na kila alama ya kuwatambulisha wahusika nimeviondoa. Vipimo vya umeme nimeviacha jinsi fundi alivyoviandika siku ile, kwa sababu somo lenyewe limo humo.

Kazi iliyoitishwa ilikuwa ndogo: kufungua nyaya za pampu ya bwawa inayovuja maji, kuipeleka karakana, kisha kuirudisha. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo, kwa muda fulani asubuhi ile kila dalili ambayo fundi wa kawaida huitegemea ilisema umeme umekatika. Breka ilikuwa chini, taa ya chumba cha pampu imezimika, pampu iko kimya, na maltimita inaonyesha sifuri kati ya nyaya mbili za mota. Nyaya zote mbili zilikuwa na volti 229.

Usuli

Nyumba ilijengwa kwa awamu. Ilianza nyumba kubwa, likafuata banda la uani lenye vyumba viwili, na bwawa likaja mwisho. Chumba cha pampu ni shimo la zege lenye mfuniko wa bati. Kina chake kinamfika mtu mzima kifuani, nacho kiko hatua chache kutoka ukingo wa maji. Ndani mna pampu ya nguvu farasi moja, chujio la mchanga, taima, balbu ya ukutani, na transfoma ya taa za majini inayoshusha umeme hadi volti 12. Chini, kando ya mlango wa nyaya, madumu ya asidi na ndoo za klorini vilikuwa vimewekwa pamoja kwa muda mrefu. Madumu hayo yana sehemu yake katika kisa.

Naeleza kwanza mfumo wa umeme kama ulivyokuja kugundulika, ili msomaji auone mtego kabla ya kuwaona mafundi wakiukaribia.

Awali pampu, balbu na transfoma vyote vililishwa na breka moja kwenye bodi ya nyumba kubwa, iliyoandikwa BWAWA kwa kalamu ya wino mzito. Bodi hiyo ilikuwa na RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme pindi sehemu ya mkondo inapopotea njiani badala ya kurudi kwa niutro, yaani waya wa kurudishia mkondo. Miezi kadhaa kabla ya kisa, RCD ilianza kuanguka kila asubuhi pampu ilipowaka, na nyumba nzima ikawa inakatika umeme. Aliitwa fundi. Aliona kwamba pampu ikiondolewa kwenye bodi ile tatizo linakwisha, basi akavuta waya kutoka bodi ndogo ya banda la uani, ambako hakukuwa na RCD, akaunga pampu huko. Balbu na transfoma akaviacha kwenye breka ya BWAWA. Kibandiko hakukigusa.

Nyumba ikatulia, na wenyeji wakahesabu kwamba kazi imefanyika. Kumbe RCD ilikuwa inasema kweli: sili ya pampu, ile inayozuia maji yasifike kwenye mota, ilishaanza kuyapitisha, na maji yalikuwa yakiingia kwenye mota.

Katika kuvuta waya ule, fundi yuleyule aligeuza nyaya. Waya wa kahawia, ambao kwa kawaida hubeba moto, yaani umeme unaoingia, aliuweka kwenye niutro, na wa buluu akauweka kwenye moto. Pampu haijali kugeuzwa huko, itazunguka vilevile. Taima ndiyo inayojali, kwa sababu taima ile hukata waya mmoja tu, wa kahawia. Baada ya kugeuzwa ikawa inakata niutro, na moto ukabaki umesimama kwenye mota saa zote 24.

Waya wa erthi, wa kushusha ardhini umeme unaovuja, ulikuwepo, wa kijani na njano, umekazwa vizuri kwenye skrubu ya mota. Ila kwenye kiungo chake cha sakafuni, kando ya madumu, mvuke wa asidi ulikuwa umeula hadi shaba ikageuka unga wa kijani. Ukitazama juu unaona erthi, chini hakuna kitu.

Mfululizo wa matukio

Mwenye nyumba hakuwa nchini. Nyumba ilisimamiwa na mzee mmoja aliyekaa pale miaka mingi, na bustani pamoja na bwawa vilitunzwa na kijana. Maji ya bwawa yalianza kuwa ya kijani, pampu ikawa inapiga kelele ya beringi na kuacha dimbwi chini yake. Mama mwenye nyumba alipiga simu kwa fundi wa bwawa siku ya Alhamisi na kumwambia Jumamosi kuna wageni.

Fundi wa bwawa alifika mapema asubuhi na msaidizi wake. Alianza na maji, na hapo alifanya vema: pampu ile iko chini ya usawa wa maji, kwa hiyo ukiifungua bila kufunga koki ya kuvuta na koki ya kurudisha, bwawa zima linakufuata shimoni. Akafunga zote mbili, akatoa presha ya chujio kwa kufungua tundu la kutolea hewa, kisha wakakausha sakafu kwa ndoo na matambara.

Ndipo akaomba umeme uzimwe. Mzee msimamizi aliteremsha breka ya BWAWA. Balbu ya shimoni ikazimika palepale. Pampu ilikuwa kimya tangu walipofika, kwa sababu taima ilipangwa kuiwasha saa nne na saa nne ilikuwa bado. Hakuna aliyeuliza kwa nini pampu ilikuwa kimya hata kabla ya breka kuteremshwa.

Fundi alifungua kifuniko cha kiboksi cha nyaya nyuma ya mota. Akagusisha tesita yake ya bisibisi kwenye waya wa kahawia, kisha wa buluu. Hakuona mwanga. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kupitia mfuniko uliofunguliwa, na yeye alikuwa amevaa viatu vya mpira, amesimama juu ya kreti ya plastiki. Kitaa cha tesita ya aina ile ni hafifu kiasi kwamba juani hukioni, na kinategemea mkondo mdogo kupita mwilini mwako hadi ardhini. Mtu aliyesimama juu ya plastiki ameshakinyima nusu ya kazi yake.

Kwa kuwa ni mtu makini, hakuishia kwenye tesita. Alitoa maltimita, akapima kahawia na buluu: sifuri. Akapima buluu na waya wa erthi: volti chache zisizotulia, mara 9, mara 14. Akapima kahawia na erthi, hali ileile. Mafundi wengi wangesema hizo ni volti za hewa tu, zisizo na nguvu nyuma yake, wakachukua bisibisi.

Kilichomzuia ni neno la mtunza bustani, aliyekuwa amechutama ukingoni akitazama.

"Kaka, angalia, hiyo pampu inatekenya. Nikifungua kile kikapu cha majani naisikia kwenye vidole."

"Ikiwa inazunguka?"

"Hata ikiwa imelala."

Fundi alirudisha bisibisi mfukoni. Mota inayotekenya ikiwa inazunguka ina uvujaji. Mota inayotekenya ikiwa imesimama ina moto usiozimwa na taima, na maelezo hayo hayapatani na sifuri aliyokuwa ameiona. Alimwambia msaidizi atoke shimoni, akatoka na yeye, akampigia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anayefanya naye kazi mara kwa mara.

Wakiwa wanamsubiri, saa nne ikafika. Pampu ikawaka yenyewe, breka ya BWAWA ikiwa chini. Koki zimefungwa, kiboksi cha nyaya kiko wazi. Waliisikia wote wakiwa juu ya nyasi.

Fundi umeme hakuanzia shimoni. Alianzia kwenye rodi ya erthi ya nyumba, karibu na mita ya LUKU. Alifunga waya mmoja mrefu hapo, akaukokota hadi soketi ya barazani, akapima moto wa soketi dhidi ya waya ule kwa kipimo cha ncha mbili, kile chenye mzigo ndani yake kisichodanganywa na volti za hewa: 231. Sasa alikuwa na erthi aliyoithibitisha, na kipimo alichokithibitisha. Akaukokota waya ule hadi shimoni, akasimama juu ya ubao mkavu. Taima alikuwa ameshairudisha kwenye kuzima, akitumia glovu za umeme. Vipimo alivyoandika ni hivi: buluu kwa erthi ya kweli, 229, kahawia kwa erthi ya kweli, 229, buluu kwa kahawia, 0, bodi ya mota, yaani ganda lake la nje, kwa erthi ya kweli, 160 na ushei.

Kahawia ilipata 229 kupitia mota yenyewe. Moto ulikuwa unaingia kwa buluu, unapita kwenye nyaya za ndani za mota, unatokea kahawia na kukwama kwenye taima iliyozimwa. Kwa vile pande zote mbili zina volti sawa, maltimita inayopima tofauti kati yao haina cha kuonyesha. Nayo bodi ya mota, ikiwa imelowa ndani na haina erthi, ilikuwa imepandishwa na uvujaji, na kile kipande cha waya wa kijani na njano kimepanda pamoja nayo. Fundi wa bwawa alipopima buluu dhidi ya waya ule, alikuwa anapima moto dhidi ya kitu chenye karibu umeme uleule. Volti za maltimita yake na za kipimo cha pili hazitakiwi kujumlishwa zikapatana, kwa kuwa maltimita ile haina mzigo na ncha yake moja ilikuwa imeshika erthi ya uongo.

Wakaanza kutafuta chanzo. Jenereta ya akiba ilikuwepo, kwa hiyo swichi ya kubadilishia iliwekwa katikati na kufungwa kufuli, ili umeme ukikatika nje asije mtu akaiwasha. Breka zikazimwa moja moja huku msaidizi akisoma kipimo kwa sauti. Bodi ya nyumba kubwa yote ikawa chini, kipimo bado 229. Ndipo mzee msimamizi akakumbuka kuwa "yule fundi wa mwanzo alipitisha waya kule nyuma." Breka ya banda la uani ilipoteremshwa, kipimo kikashuka hadi sifuri kwa mara ya kwanza.

Breka ile haikuwa na mahali pa kutia kufuli. Wakaandika USIWASHE MAFUNDI WAKO KAZINI kwenye kipande cha katoni, wakakibandika kwa tepu. Bati la bodi lilikuwa na vumbi na mafuta ya jikoni. Tepu haikushika, katoni ikaanguka nyuma ya pipa la maji. Mkazi wa banda alirudi kutoka sokoni, akakuta chumbani hakuna umeme, akafanya ambalo angefanya mtu yeyote, akapandisha breka. Shimoni kipimo kilikuwa bado kimeshikizwa kwenye nyaya. Kikaruka kutoka 0 hadi 229 mbele ya macho yao. Hakuna mkono uliokuwa umeshika waya, kwa sababu fundi umeme alikuwa amesema watakaa na kipimo hadi kufuli ipatikane.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya tukio hilo fundi umeme aliacha habari ya breka. Alizima swichi kuu ya nyumba, akathibitisha bodi ya banda haina umeme, akachomoa waya unaokwenda kwenye pampu kutoka kwenye breka yake, ncha zote mbili, moto na niutro. Akazitia kila moja kwenye konekta yake na kuzifungia ndani ya kiboksi. Kisha akarudisha umeme wa nyumba na wa banda. Uamuzi huu naupenda kuliko yote ya siku ile. Angeweza kulifunga banda zima kwa kufuli hadi Jumamosi. Lakini watu wanaonyimwa taa na chaji ya simu kwa siku mbili watatafuta njia, na njia watakayoipata hutaijua. Alipoutenga waya wa pampu peke yake, hakuna aliyebaki na sababu ya kugusa chochote.

Aliutenga na niutro pia, ingawa wengi huiacha. Katika mfumo ambao tayari umethibitika kugeuzwa, jina la niutro halina uzito, na breka ya ncha moja haikati upande wa pili.

Akarudi shimoni akapima tena: kipimo kwanza kwenye soketi inayojulikana ina umeme, kisha nyaya za pampu kila moja kwa erthi ya kweli na moja kwa nyingine, kisha kipimo kwenye soketi tena. Kipimo cha mwisho ni cha lazima, kwa kuwa betri ikifa katikati utasoma sifuri safi.

Ilibaki kapasita. Pampu za aina hii zina kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ya kuisaidia mota kuzunguka, na iliyo nzima mara nyingi hujimwaga yenyewe kupitia nyaya za mota. Mota iliyolowa na kuoza huwezi kuiamini hivyo, kwani waya wa ndani ukiwa umekatika, chaji inabaki imekaa. Mafundi wetu wengi huzimwaga kwa kugonganisha ncha na bisibisi. Cheche inaruka, ncha inaungua, na kapasita yenyewe inaweza kupasuka. Huyu alitumia rezista, kifaa kinachokinza umeme, ya kiloomu 15 yenye mikono iliyofunikwa plastiki, akaishikilia kwa sekunde kadhaa, kisha akapima. Kwa kapasita ya maikrofaradi 25, rezista hiyo inamaliza kazi kwa sekunde 2 hivi.

Hapo tu ndipo skrubu zilifunguliwa. Picha ilipigwa kwa simu, kila waya ukavishwa kipande cha tepu chenye maandishi ya kile ulichopimwa kuwa, si rangi yake. Moto ukatoka kwanza, niutro ikafuata, erthi mwisho. Kwenye kurudisha ni kinyume chake, erthi hutangulia. Ncha zilizobaki shimoni nazo zilitiwa konekta ndani ya kiboksi cha kuzuia maji, kikakazwa ukutani juu ya usawa ambao shimo lingeweza kujaa. Hazikuwa na umeme, lakini zisingeachwa zikining'inia zimefungwa tepu.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa simu. Mama mwenye nyumba alitaka pampu iazimwe kutoka kwa jirani na kuungwa kwa muda ili wageni wa Jumamosi waogelee. Fundi wa bwawa alimjibu kwa heshima: "Shikamoo mama. Pampu naweza kuipata leo hii. Erthi haipo, na sehemu ilipoungwa hakuna kinga. Sitaiunga, na ningeomba watoto wasiingie majini mpaka tumalize." Mama alikasirika, akakata simu, akapiga tena baada ya muda na kuuliza itagharimu kiasi gani kutengeneza vyote. Bwawa likafungwa kwa kamba na kibao.

Matokeo

Karakana iliipima mota kwa mega, kipimo cha kutafuta uvujaji wa umeme, ya volti 500. Kati ya nyaya za ndani na bodi, ilisoma megaomu 0.04. Mota inayokubalika haitakiwi kuwa chini ya megaomu 1. Sili na beringi zote mbili zikabadilishwa, mota ikakaushwa, ikapimwa tena na kupita megaomu 20.

Nyumbani fundi umeme alivuta kebo mpya kutoka bodi ya nyumba kubwa, ndani ya bomba, yenye RCD yake ya miliampea 30 ya pampu peke yake, ili ikianguka isiizime nyumba. Nje ya shimo, mahali pakavu panapoonekana na mtu aliye shimoni, aliweka swichi ya kutenga inayokata nyaya zote mbili na yenye tundu la kufuli. Erthi ikapitishwa mbali na sakafu. Asidi na klorini vikahamishwa na kutenganishwa, kwani hivyo viwili vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu, mbali na kula nyaya. Breka ya zamani sasa imeandikwa TAA ZA BWAWA TU.

Wakati wa kurudisha pampu msaidizi alitaka kufuata picha ya simu, kahawia kwa kahawia. Tepu zenye maandishi zilimrekebisha: mpangilio uliopigwa picha ulikuwa ule uliogeuzwa. Wageni walikuja Jumamosi na kukaa barazani. Pampu iliwaka Jumanne.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa kubwa lilitokea miezi kabla ya mafundi hawa kufika, siku RCD ilipochukuliwa kuwa ndiyo ugonjwa. Katika nyumba zetu nyingi erthi ni rodi iliyopigwa ardhini, na ardhi yetu haipitishi umeme kirahisi. Chukulia rodi yenye ukinzani wa omu 50: moto ukigusa bodi ya pampu, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 16 haitashtuka kabisa, kwake huo ni mzigo mdogo. Kwa hiyo hata erthi ingekuwa nzima, banda lile lisilo na RCD lingeiacha bodi ya pampu na umeme siku nzima. RCD ya miliampea 30 inauona uvujaji huo mara 150 zaidi ya kiwango chake na inatakiwa kukata ndani ya milisekunde 40. Kuihamisha pampu kutoka chini yake kulikuwa kuondoa kitu pekee kilichokuwa kinamlinda yule kijana wa bustani anayefungua kikapu akiwa peku.

Fundi wa bwawa amelaumiwa na baadhi ya wenzake niliowasimulia, kwamba alikosea vipimo. Sikubaliani nao kikamilifu. Alipima, na alipima zaidi ya wengi. Alichokosa ni erthi ya kuaminika ya kupimia, na hilo halifundishwi vya kutosha: kipimo cha volti kina ncha mbili, na ncha ya pili ikishika uongo, jibu zima ni uongo. Kupima kati ya waya na waya kunakuambia kama mota inaweza kuzunguka, hakukuambii kama unaweza kuugusa. Kosa lake halisi liko mapema zaidi. Alikubali kimya cha pampu na kuzimika kwa balbu kama ushahidi. Pampu inapaswa iwashwe kwanza kwa mkono kwenye taima, isikike ikizunguka, ndipo breka iteremshwe na isikike ikisimama. Kwa jaribio hilo moja, breka ya BWAWA ingeumbuka mara moja.

Sifa yake kubwa ni kwamba alimsikiliza mtunza bustani. Kijana yule hana cheti wala kipimo, lakini ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyeigusa pampu kila siku. Alikuwa amemwambia msimamizi mara kadhaa kwamba inatekenya, akaambiwa avae viatu. Mfumo wa nyumba ile haukuwa na mahali ambapo neno lake lingefika kwa mtu wa kulitafsiri. Kwa fundi anayefika kwenye bwawa asilolijua, kumuuliza anayesafisha kikapu "ulishawahi kusikia chochote mkononi?" kunastahili kuja kabla ya kufungua mkoba.

Katoni ilishindwa, na ingeshindwa popote. Karatasi ni taarifa kwa anayeiona. Kufuli, au waya uliochomolewa kwenye breka, humzuia hata asiyeona. Zaidi ya hayo, mafundi hawakupita vyumba vya banda kusema wanafanya nini. Dakika chache za kubisha hodi zingetosha. Kipimo kilichoachwa kwenye nyaya ndicho kilichogeuza tukio hilo kuwa la kuandikwa tu.

Watu huniuliza mwenye nyumba afanye nini mwenyewe katika kazi ya namna hii. Kufunga koki, kutoa presha ya chujio, kukausha sakafu, kuzima kila kitu kuanzia swichi kuu na kukaa na ufunguo, hayo yako ndani ya uwezo wake. Kufungua kiboksi cha nyaya cha pampu ya bwawa hakumo, hata akiwa na maltimita mpya. Katika kisa hiki maltimita nzuri ilikuwepo.

Jambo moja halijakamilika. Ngazi ya chuma ya kuingilia majini haijaunganishwa na erthi ya bwawa pamoja na vyuma vingine vinavyoweza kuguswa na mwogeleaji, kazi inayohitaji kuchimba pembeni mwa vigae. Fundi umeme aliiandika kwenye ripoti aliyomtumia mama mwenye nyumba, pamoja na maelekezo ya kubonyeza kitufe cha kujaribia RCD kila mwezi. Ngazi kwa sasa imeng'olewa na kuegeshwa stoo, na wanaoogelea wanatumia ngazi za zege za upande wa pili.